Lalamiko la Sindano ya Kiuno Iliyodumu Siku Moja

Tarehe 9 Machi. Miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke nyumbani.

Kwa Daktari Mkuu, Kliniki ya Migongo.

Shikamoo, Daktari.

Mimi ni yule mbeba saruji uliyemchoma sindano ya mshipa wa fahamu kiunoni Jumanne iliyopita. Siku ile maumivu yalishuka hadi kisiginoni, yakaaga. Jumatano yakarudi, tena na ndugu zake. Nimemwahidi mke wangu kufika mwisho wa mwezi huu, na safari ni siku mbili za kukaa ndani ya basi. Kwa sasa nakaa dakika kumi tu, tena kwa tako moja. Hivyo nalalamika:

1. Ulisema sindano huwafaa zaidi wanaowahi, si waliolea maumivu mwaka mzima. Miezi saba ya mwaka huo nilikuwa kwenye foleni yako. Naomba nirudishiwe.

2. Ulisema sigara huharibu kazi ya dawa. Mimi sivuti. Anayevuta ni msimamizi wetu, nami namezeshwa moshi wake kutwa. Aache yeye, nipone mimi.

3. Ulisema uzito huuelemea mgongo. Nina kilo hamsini na nane. Nikiwa na mfuko begani ndipo nafika mia na nane. Hizo hamsini ni za mwenye jengo, zisiandikwe kwenye faili langu.

4. Ulisema hofu huyafanya maumivu yang'ang'anie. Hofu yangu ni huyo huyo msimamizi, ambaye husema mgongo wangu una cheo kunizidi, kwani ukitaka kupumzika mimi natii. Kwa hiyo sindano ya pili achomwe yeye. Mshipa chagua wewe mtaalamu, miguu nitashika mimi.

Nisalimie muuguzi aliyenipa mkono wake niufinye, mzee wa mapokezi, na yule mgonjwa wa dirishani aliyenishinda kwa kelele.

Ni mimi mwenye kiuno,
Mbeba saruji, ghorofa ya nne.

Tanbihi: Kweli ulinikataza kuinua kitu siku tatu. Lakini wenzangu walidai umenichoma maji matupu, nikaona nisikuache utukanwe. Jumanne ile ile jioni nikapandisha mifuko miwili kwa mpigo hadi ghorofa ya nne, wakakupigia makofi. Sindano yako haina kosa, Daktari. Mke wangu nimemwambia kinachonichelewesha ni basi lililoharibika. Nyumbani nitafika mwisho wa mwezi ujao. Kwako nitarudi Jumatatu asubuhi. Fungueni milango yote miwili, maana nitaletwa kwa toroli, nimelala kifudifudi.