Hatua Ishirini na Mbili Ndani ya Maktaba

Jumatatu, 6 Oktoba
Waraka umefika! Una mhuri wa rangi mbili, kwa hiyo si mzaha. Sera mpya, jina lake Maktaba Hai. Kila anayeingia maktaba ya umma atasaini daftari mlangoni. Maktaba isiyofikisha watu mia tatu kwa wiki inafungwa, na mkutubi wake anahamishiwa ile iliyofaulu, akawe msaidizi.

Nimefungua daftari langu. Wiki iliyopita: watu kumi na tisa. Mimi mwenyewe nilisaini mara sita, shemeji yangu mara tano, na wanane waliingia kuuliza choo kiko wapi.

Nimempigia simu mkutubi wa mtaa wa pili, eti kumjulia hali. Tulisoma chuo kimoja. Darasa zima tulimwita Bibi Kimya, maana hata akipiga chafya husikii. Kaniambia wao walifikisha mia tatu na kumi. Kisha, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, kaniambia nisiwe na wasiwasi, kiti cha msaidizi kipo.

Msaidizi wake! Bora nikauze karanga.

Jumanne, 7 Oktoba
Nyumbani hakukaliki. Mke wangu kauliza, maktaba ikifungwa, mdogo wake atasomea wapi? Shemeji ni fundi cherehani. Aliacha shule akiwa binti, sasa ana miaka thelathini na minne na mwezi ujao anafanya mtihani wa sekondari. Kwake kuna cherehani mbili, watoto watatu na redio ya jirani. Kila siku saa nane anakuja kukaa meza yangu ya kona na kitabu cha hesabu, anahangaika na pembetatu mpaka saa kumi na moja.

Nimemwambia mke wangu atulie, kichwa changu kinafanya kazi. Kasema hicho ndicho anachokiogopa.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepata! Nilikuwa dirishani, sina hili wala lile. Upande wa mbele wa maktaba kuna soko. Nyuma kuna hospitali. Katikati kuna ukuta mrefu, na watu wanauzunguka robo saa nzima kwenye jua. Lakini maktaba ina mlango wa nyuma! Haujafunguliwa tangu enzi za mkutubi aliyenitangulia.

Mlinzi kagoma. Kasema mkataba wake ni wa kulinda mlango mmoja. Nimemshauri aketi katikati ya yote miwili. Katafakari, kasogeza kiti.

Nimebandika tangazo: NJIA YA MKATO KWENDA HOSPITALI. PITA NDANI. SAINI KWANZA.

Alhamisi, 9 Oktoba
Watu mia nne na thelathini! Kwa siku moja! Kalamu tatu zimekwisha wino. Mama mmoja kapumzisha tenga la nyanya juu ya rafu ya historia. Msukuma mkokoteni kauliza kama mkokoteni nao unasaini. Wanaorudi kutoka hospitali wanasaini tena, kwa sababu kuingia ni kuingia, waraka haukusema lazima uwe sura mpya.

Nimempigia Bibi Kimya, kumjulia hali. Nilipomtajia idadi kaniuliza kama nimehesabu vizuri. Raha iliyoje! Nimeimba mpaka nyumbani.

Shemeji alikuwa kaziba masikio kwa pamba. Nimemwomba avumilie, yote haya ni kwa ajili yake.

Jumatatu, 13 Oktoba
Leo si siku nzuri.

Mgonjwa mmoja aliegemeza mkongojo kwenye meza ya Shemeji, akamuuliza kama hapo ndipo wanapochukua namba ya kumwona daktari. Nyuma yake ikajipanga foleni. Shemeji akainuka, akakusanya madaftari yake. Hakugomba. Angegomba ningejua la kujibu. Kasema tu kwamba katika dunia hii yote alikuwa na meza moja, na mimi nimeigeuza barabara. Anahamia kwa Bibi Kimya. Ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwenda tu.

Nimejisikia vibaya sana. Kweli kabisa. Kwa muda wa dakika kumi hivi. Kisha nikatazama daftari: katoka mmoja, wameingia mia tano. Hata mtoto anajua ipi kubwa.

Mke wangu kanipakulia chakula bila kunitazama, kama mpangaji anayedaiwa.

Jumatano, 15 Oktoba
Simu kutoka makao makuu. Takwimu zangu zimewashtua! Afisa Tathmini anakuja Ijumaa kujionea mwenyewe. Fomu yake ina kisanduku cha pili: idadi ya wananchi walioonekana na kitabu mkononi.

Jasho. Hakuna aliyegusa kitabu tangu Shemeji aondoke.

Lakini mimi ni mimi. Anayeingia kwa mbele atapewa kitabu, atakiacha mlango wa nyuma. Anayetoka hospitali atakichukua hapo nyuma, atakirudisha mbele. Vitabu vitajirudisha vyenyewe! Bibi Kimya hawezi kuota kitu kama hiki hata akiwa na homa.

Ijumaa, 17 Oktoba
Afisa Tathmini kafika saa tatu kamili. Mama mrefu, miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani. Kakaa na fomu yake huku watu wakipita na vitabu kama siafu wenye mizigo. Nilijivunia mno.

Dosari zilikuwa ndogo. Msukuma mkokoteni alipewa kamusi, akataka kujua anaipeleka kwa nani. Mama wa nyanya alijipepea kwa ramani ya dunia. Afisa alimsimamisha mzee mmoja, akamuuliza anasoma nini. Mzee kajibu hajui, kapewa mlangoni, alidhani ni cha daktari. Na kitabu cha ufugaji wa kuku hakikurudi. Nasikia kimelazwa wodi ya wanaume na kinaendelea vizuri.

Kabla ya kuondoka Afisa alitembea kutoka mlango hadi mlango, akihesabu hatua kwa midomo. Ishirini na mbili. Akaandika. Akanishika mkono na kusema hajawahi kuona sera ikitekelezwa kwa kasi namna hii.

Kwa kasi! Ndivyo alivyosema!

Jumatano, 22 Oktoba
Barua ya pongezi. Nimeisoma nimesimama. Kisha nimeketi.

Sera imefaulu, wameandika. Wananchi wanalipenda jengo kupita kiasi. Vitabu, hata hivyo, vinasomwa kwa hatua ishirini na mbili tu na kuachwa, jambo linaloonyesha kwamba hapa havihitajiki. Kwa hiyo vitabu, rafu na meza zote vihamishiwe mtaa wa pili, ambako watu wameonekana wameketi. Jengo libaki kuwa njia. Mimi nibaki kuwa Msimamizi wa Njia.

Lori lilikuja mchana huohuo, na Bibi Kimya ndani yake. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Kaniambia Shemeji anaelewa haraka, pembetatu kazimaliza zote, amebakiza takwimu. Kisha akaniuliza ni meza ipi aliyokuwa akikalia, ili ipakiwe vizuri isivunjike mguu. Nikamwonyesha kwa kidole.

Sasa chumba ni kitupu. Watu wakipita, viatu vyao vinalia kote.

Ijumaa, 24 Oktoba
Waraka mwingine! Kipimo kimebadilika. Sasa wanataka muda ambao mwananchi anakaa ndani ya jengo. Wastani ukiwa chini ya nusu saa, jengo linafungwa na msimamizi anahamishiwa mtaa wa pili. Wastani wangu ni sekunde kumi na tisa.

Mke wangu kasema hii ndiyo bahati yangu. Niende makao makuu nikaeleze ukweli wote, nikamwombe mdogo wake radhi, nikafanye kazi chini ya mtu anayeijua kazi. Kalisema taratibu, kanishika bega. Nimemwahidi nitalifikiria, na kweli nimelifikiria njia nzima mpaka dukani.

Nimenunua makufuli mawili. Jumatatu asubuhi, wakishajaa ndani, mlinzi atafunga mbele, mimi nitafunga nyuma. Nusu saa tu. Hawatakuwa na kiti, lakini waraka haujataja viti.

Mlinzi, mtu wa kuona giza kila mahali, kauliza itakuwaje tukimfungia mama mjamzito anayewahi hospitali, uchungu umeshamshika. Nimemwambia aache woga, huyo ndiye tunayemtaka hasa. Ataingia mmoja, watatoka wawili.