Mtani Asiyechimba Kaburi

Msimbu, Kisarawe
Ijumaa, 17 Septemba 1954

Kwa Bwana Mkubwa wa Redio, Dar es Salaam

Bwana Mkubwa,

Pokea salamu za mzee usiyemjua. Mimi ni mwalimu niliyestaafu. Kwa miaka kumi na tisa nimewasomea watu gazeti kila Alhamisi kwenye baraza la duka la Salumu, na kuwafafanulia. Tangu Pasaka, Salumu aliponunua redio, Alhamisi imekuwa siku ya mazungumzo yenu: Bwana Husseini hueleza habari za dunia kwa utulivu, na wachekeshaji wawili, Isihaka na Abeid, humharibia. Sina wivu. Nina malalamiko matatu, nami nitayaeleza polepole, kwani haraka mnayo ninyi.

1. Wiki iliyopita Bwana Husseini alieleza kwamba wageni wa Umoja wa Mataifa wanauliza nchi hii itakuwa tayari lini kujitawala. Isihaka, ambaye hujitangaza kuwa Mnyamwezi, akasema Mzaramo alipoulizwa alijibu, "Ngoma ikiisha." Baraza zima lilicheka, hata Wazaramo, hata mke wangu Laurentia, aliyekuja kununua chumvi tu. Silaumu. Mnyamwezi ni mtani wetu, haki anayo. Tena mabwana wakubwa hututajia miaka kwa makumi na hakuna anayecheka. Isihaka angalau ametupa ngoma yenye mwisho.

2. Lakini anayetania sharti ataniwe. Niliinuka, nikakiambia kisanduku kwa adabu, kwa sauti ya darasani, kwamba Wanyamwezi watajitawala watakapomaliza kubeba mizigo ya watu. Kisanduku kikaendelea na bei ya korosho. Nikarudia. Kikapiga muziki. Bwana, awasemaye watu bila kujibiwa si mtani. Wa namna hiyo tunao tayari, huja kwa gari na kofia.

3. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Kasiani ni Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge Ruvu akiwa kijana, akabaki huku. Ni mtani wangu kwa miaka thelathini. Kama huko mjini mmesahau, mtani ndiye huja msibani kuchimba kaburi, kumwiga marehemu, na kuwachekesha wafiwa mpaka waweze kula. Mwezi wa Julai tulimzika dada yangu Paskalia, ambaye aliwagombeza kuku wake kwa majina ya mashemeji zake. Tulimngoja Kasiani amwige. Akasimama kaburini, akasema maneno ya Isihaka ya Alhamisi, juu ya makarani wa posta. Watu walicheka sana. Ila Paskalia hakuwahi kufika posta. Tumemzika bila kutaniwa.

Mimi nina miaka sabini na moja. Kasiani aliniahidi kuniiga na miwani yangu. Sasa sijui nitazikwa kwa mzaha wa nani.

Kwa hiyo naomba Isihaka ahamie Msimbu, apewe jembe, achimbe makaburi ya Wazaramo wote, maana ametutania wote. Akiona kazi ni nyingi, aje na Abeid. Hilo likishindikana, Serikali ilete redio yenye sikio. Bwana Husseini abaki hapo alipo; anahitaji tu mtu wa kumfafanulia, nami siku hizi Alhamisi sina kazi.

Nisalimie mafundi wote na Bwana Husseini. Isihaka msalimie kwa kiasi. Laurentia anawasalimu. Salumu hajambo, na kisanduku chake pia.

Ni mimi, niliyeandika polepole hadi wino ukakaribia kukauka,
Alfonce Kibwana

Tanbihi, Jumamosi. Kabla sijaifunga barua hii, Kasiani amepita. Akauliza kama Wazaramo tuko tayari kujitawala au ngoma ingali inalia. Nikamjibu lile la mizigo. Akasema, "Hilo nimeshalisikia, Mzaramo wangu. Ulikiambia kisanduku." Kisha akavaa miwani yangu, akaishika barua juu chini, maana hajui hata herufi moja, akaisoma yote kwa sauti yangu, akisimama kila mstari kuufafanua. Laurentia ilibidi akae chini. Basi namba tatu ifute. Lakini nimebaki sina jibu. Mwombe Bwana Abeid, Alhamisi ijayo, awaseme Wanyamwezi neno jipya, kali, na aliseme polepole niliandike. Nitakuwa mbele kabisa, kwenye kiti changu cha kila wiki.