Kadi Kumi na Tano za Ukatili

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa neno! Mhariri wetu, yule mama wa miwani yenye kamba anayeendesha ofisi nzima ya kamusi kwa kalamu nyekundu, kaniita mezani kwake saa tatu. Neno la Kiingereza: cruel. Kazi yangu: kukusanya maneno yote ambayo watu wetu humwita mtu wa namna hiyo. Kila neno na kadi yake. Sentensi kamili, tarehe, mahali, nani kasema. Kadi kumi na tano, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Nikizileta, mkataba wa kudumu. Nisipozileta, miezi yangu sita ya majaribio inaishia hapo, na mlango naujua.

Sharti: sentensi imtoke mtu halisi, bila kuulizwa. Kadi za kutunga anazinusa. Zile saba za mwezi uliopita alizinusa zote. Nashukuru hata hivyo. Wengine wasingenipa nafasi ya pili.

Bwana Nukta wa meza ya pili (tunamwita hivyo kwa sababu hamalizi sentensi bila kugonga meza) alipata kadi zake ishirini kwa kukaa kwa kinyozi tu, akisikiliza watu. Wiki nzima kwenye benchi! Mimi sina muda huo. Nitakuwa katili mwenyewe. Watu wanitukane, niandike.

Jumanne, 4 Machi

Ukatili wa kwanza, saa mbili asubuhi. Jirani wa ghorofa ya nne anakimbilia lifti, mikono imejaa mizigo. Nikamtazama usoni, nikabonyeza kitufe. Mlango ukamfungia! Lifti ikakwama kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza kwa dakika hamsini.

Nilipotolewa nilimkuta jirani ananisubiri na chupa ya maji. Akasema yeye anaogopa kufungiwa kama kifo, angezimia humo ndani. Akanishukuru kwa kumwacha. Akanishukuru tena.

Ukatili wa pili, ofisini. Nimemnyang'anya Bwana Nukta kiti. Kikavunjika mguu, na mimi juu yake. Kumbe alikuwa akiomba kiti kipya tangu mwaka jana. Leo kapewa, cha kuzunguka. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kadi: sifuri. Mgongo unauma. Nashukuru haukuvunjika.

Jumatano, 5 Machi

Duka la mikate. Foleni ya watu kumi na wawili. Nikapita pembeni hadi mbele, bila salamu, bila samahani. Nikasubiri matusi, penseli mfukoni. Mzee mmoja, kwa kuona haraka yangu, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mke wangu atajifungua salama. Wakanipisha wote. Mtu akauliza kama ni mtoto wa kwanza. Nikajikuta nimesema ndiyo. Wakanipigia makofi.

Siku mbili zimebaki na sina hata kadi moja. Ndipo nikamfikiria Shangazi.

Shangazi ni fundi cherehani. Ndiye aliyetulea mimi na dada yangu tangu Mama afariki. Macho siku hizi yanamsumbua, lakini ananishonea shati la kuvaa Ijumaa, la kusainia mkataba. Jioni kanipa nilivae kulijaribu. Nikamwambia limekaa kama gunia. Nikamwambia macho yake yameisha, afadhali aache kazi.

Nikashika penseli.

Shangazi alivua kastabini kidoleni, akaiweka mezani taratibu.

“Asante kwa kuniambia, mwanangu,” akasema. “Wengine walikuwa wananionea haya.”

Akaifunika cherehani.

Kadi: sifuri.

Alhamisi, 6 Machi

Cherehani bado imefunikwa. Sijawahi kuamka katika nyumba hii bila kuisikia. Mteja kaja na kitambaa cha gauni, Shangazi kamrudisha. Nikamwambia shati ni zuri. Akasema nisimfariji. Sikwenda kutafuta kadi. Nilikaa jikoni najichukia.

Dada karudi kutoka kazini kwake posta saa kumi na moja na nusu. Akaona cherehani, akauliza kuna nini. Mimi siwezi kuficha kitu, nikamweleza yote: neno, kadi, lifti, gunia.

Dada akaweka mkoba chini.

“Aliyekuvisha tangu una miaka minne,” akasema. “Huna utu wewe. Huna utu hata chembe.”

Kisha akaendelea. Katili. Dhalimu. Hayawani. Roho mbaya. Moyo wa jiwe. Huna imani, huna huruma, una inda. Dakika arobaini! Nilikuwa nalia na kuandika kwa wakati mmoja. Nilimwomba arudie la tisa polepole. Akanirushia kandambili.

Kadi kumi na sita.

Nikaenda kupiga magoti kwa Shangazi. Nikamwambia nilisema uongo, na kwa nini. Aliichukua kastabini mezani.

“Kwa hiyo shati linakaa vizuri?”

Mkono wa kushoto umezidi kwa vidole viwili. Nikasema linakaa vizuri mno. Akaifunua cherehani.

Ijumaa, 7 Machi

Mhariri kasoma kadi zote, moja moja. Kaikataa ya “huna haya.” Hiyo ni ya aibu, kasema, siyo ya ukatili. Zikabaki kumi na tano kamili!

Kwenye “huna utu” alikaa sana. Akasema “katili” watu humwita mtu wa mbali, wa kwenye habari. “Roho mbaya” ni jirani. Lakini “huna utu” huambiwa yule ambaye bado anategemewa kuwa mtu. Kisha akauliza ni nani huyo aliyeambiwa yote haya chumba kimoja, siku moja. Nikasema jamaa fulani. Akautazama mkono wa shati langu.

“Msalimie dada yako,” akasema, akasaini.

Nashukuru! Namshukuru Mhariri. Namshukuru Dada na kandambili yake. Namshukuru Bwana Nukta, aliyenipa kiti cha kuzunguka nisainie nimekaa. Zaidi ya wote Shangazi, aliyelia nilipomwonyesha mkataba. Sitamuumiza tena maishani.

Jumamosi, 8 Machi

Neno jipya limeshafika: huruma na maneno yaliyo jirani nalo. Kadi ishirini. Bwana Nukta kanialika kwenye benchi la kinyozi. Nikamkatalia kwa adabu.

Jumatatu asubuhi nitaanguka kwenye ngazi, mbele ya macho ya Shangazi, niseme siisikii miguu. Moyo wake mwepesi, peke yake atanipa kadi kumi. Dada atakuja mbio kutoka posta na zilizobaki. Nimeshachonga penseli mbili.

Nashukuru sana kuzaliwa katika familia yenye upendo.