Faili Langu Haligusi Mtu

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maktaba ametangaza: orodha ya vitabu elfu tisa iingizwe katika mfumo mpya kabla ya Ijumaa. Mwenye orodha bora atakuwa msimamizi wa chumba cha marejeo. Tunaoshindana ni wawili: mimi, mwenye miaka thelathini na moja kazini, na Miwani, mwenye miaka minne na tabia ya kucheka akila. Orodha yangu i tayari. Nimeihifadhi ndani ya kompyuta yangu, C:\Siri\vitabu. Folda ya pamoja, ambayo ofisi nzima huifungua kwenye mtandao, siigusi. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi sitaki kuzaa, nataka cheo.

Jumanne, 4 Machi
Nimeuamuru mfumo ulisome faili langu. Umejibu kwamba halipo. Lipo! Naliona! Nimeandika anwani ile ile mara kumi na mbili, ya mwisho kwa kubonyeza kwa nguvu. Fundi wa kompyuta, mwanamke mpole, amenieleza kwamba anayetafuta si kompyuta yangu bali seva, mashine kubwa iliyo chumba cha pili.

"Baba, ukimtuma jirani chumvi kabatini, atafungua kabati lake."

Kanishauri niliweke faili kwenye folda ya pamoja, kisha niipe seva anwani ya mtandao. Nimemshukuru. Sitafanya. Folda ya pamoja ni pamoja na Miwani.

Jumatano, 5 Machi
Hila! Fundi alipokwenda kunywa chai, nimeingia chumba cha seva na flashi. Nimetengeneza humo C:\Siri, nikanakili faili. Nikarudi mezani, nikaamuru. Vitabu elfu tisa kwa dakika tatu. Nimepita mbele ya meza ya Miwani mara nne bila sababu. Kaniamkia, kisha kauliza kama babu anatafuta choo.

Alhamisi, 6 Machi
Dosari ndogo. Safu ya watunzi imeteleza mstari mmoja. Kila kitabu kimepewa mtunzi wa jirani yake. Nimelisahihisha faili hapa mezani kwangu, nikauamuru mfumo usome upya. Umejibu: limesomwa. Sikukagua. Kukagua ni dalili ya wasiwasi.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu amefungua orodha yangu mbele ya wote. Katafuta kitabu cha uzazi salama. Mtunzi: Idara ya Zimamoto. Miwani kacheka, na wala hakuwa anakula.

Fundi kaeleza kwamba seva imesoma tena nakala ya Jumatano, iliyo kwake. Masahihisho yangu yalikuwa kwangu, salama salimini. Miwani alikuwa na faili moja tu, kwenye folda ya pamoja, akilirekebisha humo humo kila siku. Ndiye msimamizi.

Mkuu kaniambia taratibu: "Mzee wangu, kitu usichotaka kionekane, sisi tutakionaje?"

Jumatatu, 10 Machi
Nimeandika barua ya malalamiko, kurasa sita, haina kosa hata la nukta. Nimeihifadhi ndani ya kompyuta yangu, mahali ambapo Miwani hawezi kuifikia, kisha nikamjulisha mkuu kwa ujumbe kwamba ataikuta C:\Siri\malalamiko. Amenijibu mara mbili kwamba kwake haipo. Nimemwandikia atazame vizuri. Mtu akikosa hoja, husingizia macho.