Msiba wa Brendon

Jumanne, 10 Juni

Nimemuua Brendon. Mungu anisamehe, sikukusudia.

Asubuhi alikuwa mzima kabisa. Nilikuwa namsuka Mama Kwandu, saluni imejaa, wote wananisubiri niendelee. Hawa wanawake hawaji kwa sababu ya mikono yangu, najua. Wanakuja kwa ajili ya Brendon na Melisa, wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Wanapendana, wanagombana, wanapendana tena. Brendon anacheza mpira wa magongo juu ya barafu. Vitabu ni vya Kiingereza. Nasoma nyumbani, kesho yake nasimulia kwa Kiswahili huku nasuka. Cha kwanza na cha pili nilivipata kwenye mtumba Biharamulo. Cha tatu sina. Cha pili kinaishia Brendon anaingia uwanjani kucheza fainali na Melisa analia jukwaani. Basi. Kurasa zimekwisha.

Ningesema tu kwamba sina. Lakini ng'ambo ya barabara Claudia amefungua saluni yenye vioo ukuta mzima. Mteja akivuka barabara, harudi. Mama Kwandu akauliza, haya Eufrazia, ikawaje? Nikaogopa. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema barafu ilipasuka na Brendon akazama.

Kilio! Mama Kwandu kateleza kwenye kiti mpaka sakafuni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Watu wa kijiji chetu cha Nyamiaga wote wakaja kuuliza nani kafa.

Alhamisi, 12 Juni

Wateja mpaka nje! Wametoka Nyakisasa, wametoka Ntobeye, wanataka kusikia alivyozama. Wote wanataka wasukwe twende kilioni, ule mtindo wa msibani. Nikaanza kujisikia. Nikaongeza wapiga mbizi. Nikaongeza Melisa kuzimia.

Halafu Mama Kwandu akauliza jina la ukoo la marehemu.

Anadhani ni mtu! Mtu kweli, mwenye mama! Nilitaka kumwambia ni hadithi ya kitabuni. Nikaitazama mikono yake. Mumewe ni mfugaji, na huyu mama humwangusha ndama peke yake. Macho yangu yakakimbilia boksi la rasta. Nikasoma maandishi ya kwanza niliyoyaona. Nikasema anaitwa Brendon Original.

Akauliza kama alibatizwa. Nikasema ndiyo, Mkatoliki. Kwa nini nimesema Mkatoliki? Sijui. Sijalala vizuri.

Jumapili, 15 Juni

Mana yanje! Mungu wangu!

Katekista Matiasi alisimama kusoma majina ya marehemu wanaoombewa. Akasoma mzee mmoja wa Nyakisasa. Akasoma bibi mmoja. Kisha, bila hata kupepesa macho: Blendoni Oliginali, kijana wa Malekani. Kanisa zima likaitikia, umpe raha ya milele ee Bwana. Nami nikaitikia! Ningefanyaje? Mama yangu alikuwa ubavuni.

Jasho lilinitoka mpaka kitambaa kikaloa. Nimemwombea raha ya milele mtu ambaye hajazaliwa. Wakati wa komunyo sikuinuka. Mama akanipiga kiwiko. Nikasema tumbo. Kutoka nje nikatazama mbingu, nikiogopa radi, kabla ya kuvuka uwanja. Hakuna wingu. Nikakimbia hata hivyo.

Jumanne, 17 Juni

Claudia anacho cha tatu.

Alikwenda kumwona dada yake Biharamulo, akarudi nacho. Amekisimamisha dirishani, Brendon yuko kwenye jalada, kifua wazi, mzima kama ng'ombe. Ametangaza kwamba Alhamisi atawasomea watu wote, bure.

Nimepanga. Nimekwenda kwake kama mteja, niweke dawa ya nywele. Wakati amegeuka nichukue kitabu, nikifiche kwenye kitenge, niondoke. Mpango mzuri sana. Alipaka dawa kichwa kizima, akatoka mlangoni kuzungumza na muuza dagaa. Nikanyoosha mkono nyuma yangu, nikashika kitabu, nikakibana kwapani chini ya kitenge. Claudia akaendelea na dagaa. Dawa ikaanza kuwasha. Kisha ikaanza kuunguza. Nikiita, atakuja. Akija, ataona nilivyovimba ubavuni. Nikavumilia. Machozi yakanitoka. Mteja mwenzangu akanipa pole, akidhani bado nina msiba.

Nimefika nyumbani na vidonda kichwani. Nimefungua kitenge. Ni kitabu cha nyimbo za kwaya.

Alhamisi, 19 Juni

Nimejibanza nyuma ya saluni ya Claudia, karibu na pipa la maji, nisikie. Claudia anasoma Kiingereza vizuri, lazima niseme, kisha anafasiri. Brendon akapiga bao. Brendon akambusu Melisa. Mmoja akauliza, si alizama? Claudia akacheka kwa muda mrefu. Akawaambia uwanja ule uko ndani ya jengo, barafu imegandishwa juu ya sakafu ya saruji. Azame wapi, kwenye saruji?

Nikasikia kiti kikisogea. Mtu mkubwa anasimama.

Nilikimbia. Nikajifungia saluni kwangu, nikaingia chini ya meza ya vioo. Hatua zikaja. Mlango ukagongwa mara moja tu, na mlango wangu si imara.

Akaniita. "Eufrazia, fungua. Kiatu chako nakiona."

Nikafungua. Nikasema shikamoo nikiwa nimefumba macho, nasubiri kofi. Badala ya kofi nikakumbatiwa mpaka mbavu zikalia. Mama Kwandu alikuwa anatokwa na machozi. Blendoni yuko hai, alisema. Tulimwombea naye amefufuka. Claudia anaongea saruji kwa sababu hana imani. Yeye Mama Kwandu anakwenda sasa hivi kwa Katekista Matiasi. Jumapili atatoa ushuhuda mbele ya kanisa na mimi nitasimama kando yake, maana mimi ndiye niliyeleta habari za msiba.

Ushuhuda! Mbele ya padri!

Ijumaa, 20 Juni

Nimejaribu malaria. Nimelala na blanketi mbili, natetemeka. Sikulazimika kuigiza sana. Mama Kwandu amekuja na uji, akasema asiyeweza kusimama atabebwa.

Jumamosi, 21 Juni

Nimesema.

Nilimfuata kwake. Alikuwa anakamua. Nilisimama upande wa pili wa ng'ombe, pawe na kitu katikati yetu. Nikasema yote kwa pumzi moja: Brendon hayupo, Melisa hayupo, ni kitabu, kuzama nilikuzua, Original nililitoa kwenye boksi. Mwisho nikashika pembe ya ng'ombe ili nisianguke.

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali angenipiga. Aliacha kukamua, akakaa tu pale kwenye kigoda. Akauliza kwa sauti ndogo kama hata yule binti hayupo. Nikasema hayupo. Akasema atamwambia Matiasi kwamba ushuhuda umefutwa.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mwanawe Shilinde alikwenda Mwanza kujaribiwa na timu ya mpira. Tangu mwaka jana simu yake haipatikani. Majirani walishachoka kusikia habari za Shilinde. Lakini kila alipokaa kwenye kiti changu, alisema, kulikuwa na kijana wa watu anayecheza mpira mbali na nyumbani, na watu wote wanataka kujua anaendeleaje. Alipozama, yeye alipata ruhusa ya kulia.

Akajifuta uso kwa kanga. Yule mama mkubwa alionekana mdogo kabisa. Mimi nina moyo gani? Niliogopa yale machozi kuliko nilivyowahi kuogopa kofi. Mdomo ukafunguka.

Nikasema, Shilinde? Mbona ameonekana! Mteja wangu mmoja amemwona Mwanza, amenenepa, anacheza namba tisa.

Mama Kwandu akainuka. Ndoo ya maziwa ikamwagika.

Jumatatu, 23 Juni

Naandika ndani ya basi la Mwanza, kalamu inaruka. Tumeshapita Biharamulo. Mama Kwandu amekaa dirishani, amevaa gauni la Pasaka, mapajani ana kuku wa kukaangwa wa Shilinde. Hakukubali kwenda peke yake. Amesema mimi ndiye ninayemjua mtu aliyemwona. Basi zima limeshaelezwa. Abiria wanampongeza.

Nilikuwa nimejipanga: tukifika nitasema yule mteja amehama. Lakini kwenye kiti cha nyuma yetu kuna mwanamume anaitwa Rogasian, mpole, ana miwani. Ameinama katikati yetu akasema yeye ni mwamuzi wa mpira huko huko Mwanza, anazijua timu zote, namba tisa wote anawajua kwa majina, na tukishuka atatupeleka mwenyewe.

Mama Kwandu amemshika mkono, akamwita malaika. Wamenigeukia wote wawili, wanangoja nitaje timu.

Nikasema bahati mbaya, ameuzwa Zambia.

Mama Kwandu amemkumbatia kuku wake vizuri. Kisha amemwita kondakta, amemuuliza basi la Zambia linapandiwa wapi, na kama mimi na yeye tunaweza kuunganisha leo leo. Kondakta ameuliza kama kuna anayeijua njia.

Nimesema naijua.