Fundi Cherehani Alivyokataa Mpango Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kwanza ya likizo. Nimeichukua ili niandike. Asubuhi mhariri wa shirika la uchapishaji akanirudishia riwaya yangu. Hakusema ni mbaya. Alisema mambo yanatokea mengi, ila hakuna linalosababisha jingine. Eti matukio yangu yamejipanga kama watu kwenye foleni, kila mmoja kampa mwenzake mgongo. Akauliza kwa nini nyumba iliungua katika sura ya tano. Nikamjibu kwamba moto haujawahi kuomba ruhusa ya mtu. Akasema katika hadithi, huomba.

Hata hivyo kuna nafasi moja imebaki kwenye mkusanyiko wao wa hadithi fupi. Nipeleke moja kabla ya katikati ya mwezi. Yenye msuko, akasisitiza.

Nimemweleza mke wangu. Alikuwa ametoka zamu wodini, anavua viatu. Akasema huenda yule mama mhariri anajua kazi yake. Nimeoa muuguzi. Nilitegemea huruma.

Jumanne, 5 Machi
Kikao cha kikundi chetu cha waandishi, chumba cha nyuma cha maktaba. Msusi alikuwepo. Ana saluni, na tangu kitabu chake kichapishwe hakai, anajiweka. Leo katufundisha kwamba hadithi ni kama nywele: usipokamata unywele wa chini, wa juu utafumuka. Wote wakaitikia kwa vichwa. Nikasema nywele hazina dhamira. Hakuna aliyeandika hilo.

Na yeye pia anaitaka ile nafasi moja.

Nimerudi kwa miguu nikiwaza. Tatizo langu si kipaji. Nitajuaje jambo gani huzaa jambo gani nikiwa nimekaa nimetazama ukuta? Mganga hujifunza kwa wagonjwa. Mwandishi naye ajifunze kwa watu walio hai.

Na hao ninao. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anakaa nasi na anafanya kazi kaunta ya benki. Mchumba wake ni fundi cherehani mwenye duka chini ya ghorofa letu. Harusi mwezi ujao. Wanapendana, mahari imekwisha kulipwa, hawagombani. Mapenzi yasiyo na kikwazo si hadithi, ni taarifa.

Nitaweka kikwazo kimoja. Kidogo. Fundi atapandwa na hasira, atapanda ngazi, patazuka ugomvi sebuleni, hicho ndicho kilele. Hapo nitasimama, nitawapatanisha kwa maneno machache yenye uzito, watanishukuru, na mimi nitakwenda kuandika. Kikwazo nitakiondoa kabla hakijamuumiza mtu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeshuka na suruali ya kupunguzwa. Fundi alikuwa anachora kitambaa kwa chaki. Tukaongea habari za mvua. Kisha nikateleza ulimi, kwa makusudi. Nikasema shemeji akiulizwa na wenzake wa benki mchumba wake anafanya kazi gani, hubadilisha mada.

Akainua kichwa. Akaniuliza, "Kweli, shemeji?"

Nikasema mimi nimesikia tu, yasije yakatoka kwangu.

Akashukuru. Akaendelea kuchora. Mstari wake ulinyooka vilevile. Nikapanda, nikakaa kwenye ngazi na kalamu nikingojea hasira ije. Mguu ulikufa ganzi. Aliyepita ni jirani wa juu, akaniuliza kama nimefungiwa nje na mke wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Duka limefungwa. Kufuli kubwa. Simu yake haipatikani. Hili halikuwemo katika mpango.

Shemeji amerudi kazini akaniuliza kama nimemwona. Nikasema wanaume wakati mwingine huhitaji nafasi. Akasema mchumba wake hahitaji, huwa anapiga simu saa za mchana bila kukosa, leo hakupiga. Akaacha chakula mezani. Nikamsikia chumbani akilia kwa sauti ya chini, ile ya mtu asiyetaka kubembelezwa.

Niliingia bafuni kuandika. Kilio, nafasi yake katika muundo, na kadhalika. Kalamu ikagoma. Kifua kilikuwa kizito. Nimelaumu chakula, ingawa nilikula kidogo.

Mhusika mwenye adabu hatoroki katikati ya sura. Fundi ameniangusha.

Jumapili, 10 Machi
Mambo yameongezeka. Shemeji kavua pete na kuiweka kwenye kabati la vyombo, kati ya vikombe vya wageni. Amempigia mama yao kumwambia asitishe mwaliko. Mama mkwe kasema hasitishi kitu, anapanda gari anakuja.

Mke wangu haniangalii usoni. Ananiangalia mikono, kama anavyowaangalia wagonjwa wanaosema wamekunywa dawa.

Nikaamua kukiondoa kikwazo. Nimekwenda kwa kaka yake fundi, seremala, ng'ambo ya soko. Akanipokea mlangoni na kuapa kwamba mdogo wake hayupo. Nyuma yake niliona viatu vya fundi, vile vyeusi vyenye kamba za kahawia. Nikapaza sauti ili maneno yapite. Nikazungumzia mapenzi kuwa safari, subira kuwa kivuli, moyo kuwa kitambaa kisichochanika kirahisi. Hapo kwenye kitambaa nilijipongeza. Seremala aliweka msumeno chini, akasikiliza mpaka mwisho.

Kisha sauti ikatoka ndani, "Shemeji, suruali yako iko tayari. Ipo kwa muuza magazeti jirani na duka."

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nilifikiria. Lakini maungamo huwekwa mwisho, na sisi bado tuko katikati. Kuna kanuni. Nikapitia suruali, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 12 Machi
Yamekwisha, na vibaya kisanaa.

Asubuhi shemeji hakwenda benki. Alikwenda moja kwa moja kwa seremala, akasimama nje na kusema haondoki mpaka aambiwe kosa lake. Fundi akatoka. Akamuuliza kama kweli anaionea aibu kazi yake. Akamjibu hapana, nani kasema. Akaambiwa nani kasema. Basi. Mgogoro mzima umekufa kwa swali moja. Hakuna msomaji atakayevumilia.

Walirudi pamoja saa za mchana. Mama mkwe alikuwa ameshafika, mguu wake unaouma kauweka juu ya stuli. Nikaitwa sebuleni. Nikaonyeshwa kiti.

Fundi alianza. Hakufoka. Alisema, "Shemeji, mimi kazi yangu kushona. Ningeionea aibu ningeshona gizani. Lakini uliponiambia yeye ndiye anaiona aibu, nilikosa pa kuweka uso."

Shemeji akasema alipoulizwa kazini alijibu kwamba mchumba wake ni fundi, tena wawili kati ya wenzake wamempelekea nguo. Fundi akamshika mkono mbele ya mama mkwe, na mama mkwe akatazama dirishani kwa heshima.

Ndipo mke wangu akazungumza. Alisimama kama anakabidhi zamu. Kwa sababu ulimdanganya fundi, fundi akafunga duka. Kwa kuwa alifunga duka, mdogo wangu akadhani ameachwa. Kwa kudhani ameachwa, akavua pete. Kwa kuwa alivua pete, mama kasafiri na mguu huu. Na kwa kuwa mama kasafiri na mguu huu, wewe leo utalala hapa kwenye kochi na yeye atalala kitandani kwako.

Nilishikwa na butwaa. Kila tukio limemshika mwenzake. Hakuna lililoachia. Nikamwomba arudie pale kwenye pete, polepole, maana kuna kiungo kilinipita.

Ombi lile halikupokelewa vizuri.

Nikaomba radhi. Niliomba kwa dhati, shemeji alikuwa na macho mekundu na sikuweza kumtazama. Nikaanza kuongeza maelezo mafupi kuhusu fasihi, kwamba nilihitaji kilele cha hadithi. Akaniambia, "Shemeji, ishia hapo kwenye samahani. Ilikuwa inatosha."

Mama mkwe aliushusha mguu wake kwenye stuli. Akauliza, "Mwanangu, likizo yako inaisha lini?"

Alhamisi, 14 Machi
Nimeandika. Kwa mkupuo mmoja, kwenye kochi. Hadithi imetoka kama maji bombani.

Nimefanya marekebisho machache ya kisanaa. Katika hadithi, shemeji mtu ni mwanamume mrefu mwenye busara, aliyeweka kikwazo ili kupima mapenzi ya vijana. Anajua tangu mwanzo kwamba yote yataisha vizuri. Mwishoni wanamlilia begani. Mama mkwe anamwita nguzo.

Nimeipeleka mwenyewe mikononi mwa mhariri. Msusi asome na alie.

Jumamosi, 6 Aprili
Harusi. Familia ilikaa ikanipangia kazi: kuelekeza watu maliwato yaliko. Nisikaribie kipaza sauti. Nimekubali, mtu mkubwa hadharau kazi.

Nguo za ndugu wote kashona fundi mwenyewe. Nilidhani yangu ataibana makwapani, na ningemwelewa. Wiki iliyopita alinipima mabega kimya, futi yake baridi shingoni, akaandika, akasema nirudi Jumatano. Sijawahi kuvaa nguo iliyonikaa hivi. Nilipomshukuru leo alisema tu kwamba bega langu la kushoto liko chini kidogo, hivyo aliliinua. Nilikwenda kusimama kule maliwatoni muda kidogo peke yangu.

Wanawake wote wa upande wetu walisukwa na Msusi. Alialikwa, akaja na gauni la kumetameta. Alinisalimia, "Shikamoo, mtaalamu wa vilele." Ananizidi umri miaka mingi. Nilijiuliza neno hilo kalitoa wapi.

Jumatano, 24 Aprili
Mhariri kapiga simu. Hadithi yangu imekataliwa. Muundo sasa upo, alikiri, kila jambo linazaa jingine. Tatizo ni huyo mhusika mkuu. Haaminiki. Mtu mwenye busara kiasi hicho hawezi kufanya upumbavu kiasi hicho.

Nikauliza nafasi kapewa nani. Msusi. Nikauliza hadithi yake inahusu nini. Inahusu mwandishi asiyejua kupanga hadithi anayevuruga uchumba wa shemeji yake ili apate kisa. Mhariri alisema alicheka hadi mwenzake wa chumba cha pili akaja. Hasa pale mwandishi anapohutubia mlango. Alisema mjinga yule yu hai kabisa, unaweza kumpapasa.

Kumbe mke wangu alisimulia yote akiwa anasukwa, mchana kutwa, na mdogo wake akijazia. Nimelalamika kwamba nimeibiwa. Mke wangu akasema kisa kilikuwa cha mdogo wake, mimi ndiye niliyeanza kukiiba, na mdogo wake kakitoa kwa anayejua kukitumia. Kisha akalala. Analala haraka sana mtu huyu.

Siku nzima nimetafakari. Nimejihoji bila huruma, nami nimeliona kosa langu. Nilifanya jaribio ndani ya nyumba yangu. Hakuna daktari anayejipasua mwenyewe. Wahusika wa mwandishi wasiwe watu wanaojua kochi lake liko wapi.

Mume wa Msusi ni kinyozi. Kazini wanatenganishwa na ukuta wa mbao tu, na kila mmoja husikia kikohozi cha mwenzake. Watu wapole, ndoa imetulia, haina mgogoro wowote. Kesho nakwenda kunyolewa. Nitaongea kwanza habari za mvua. Halafu, wembe ukiwa shingoni na yeye ametulia, nitateleza ulimi.