Muhuri Namba Moja wa Nyumba za Ziwani

Ifahamike kwa wananchi wote wa mji wa Kallio, wageni wao wa kiangazi, na mbwa wa wageni hao, kwamba utapeli wa nyumba za mapumziko umekomeshwa rasmi katika mji wetu kuanzia tarehe mosi Julai, saa tatu kamili asubuhi. Azimio lilipitishwa na Halmashauri kwa kura tano kwa bila. Matapeli hawakuhudhuria kikao, lakini tangazo lilibandikwa mlangoni siku saba kabla, kama sheria inavyotaka.

Mimi ni Reino Saarela, Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Uthibitisho wa Nyumba za Ziwani. Nimeendesha gari la kusukuma theluji la mji huu miaka thelathini na mmoja, na nilipofika miaka hamsini na mitatu nikahitimu shule ya usiku katika masomo ya biashara na uandishi wa barua. Kwa hiyo ninaposema jambo limefuata utaratibu, msomaji asiwe na wasiwasi. Limefuata.

Mambo yalianzia kwa Lempi Ojala, mjane wa miaka sabini na minane, aliyekuwa mpishi wa shule yetu. Anakaa peke yake katika nyumba aliyoijenga marehemu mumewe kando ya ziwa, pamoja na sauna, kile kibanda cha mvuke ambacho kwetu mtu hukijenga kwanza ndipo akumbuke nyumba. Lempi hapangishi. Hajawahi kupangisha hata kitanda.

Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa kumi alasiri, ambayo kote ziwani ndiyo saa ya wageni kukabidhiwa funguo, familia ya watu wanane kutoka Toledo ilishuka kwenye kibaraza chake ikiwa na sanduku la barafu, mitumbwi miwili ya plastiki na mbwa mwenye wasiwasi. Walikuwa wameilipia nyumba hiyo wiki nzima. Walimlipa mtu aliyejiita Kapteni Bradley, ambaye yuko kwenye mtambo wa mafuta katikati ya bahari na kwa hiyo hapatikani kwa simu, lakini kwa ujumbe hujibu upesi sana.

Lempi akawapa kahawa, akawawashia sauna, akawaruhusu kupiga mahema uani. Jumamosi iliyofuata ikaja familia nyingine. Iliyofuata, mbili. Mahema yakafika mpaka kwenye bustani yake ya viazi.

Akaja kwenye Halmashauri, akasimama mbele ya Mheshimiwa Meya Duane Pascoe akiwa na mkoba wake kifuani.

"Duane mwanangu," akasema, "naomba sentensi moja tu kwenye tovuti ya mji. Andikeni: kabla ya kulipa, piga simu ofisini kwetu uulize kama nyumba hiyo inapangishwa kweli. Basi."

"Bibi Lempi," Meya akamjibu kwa upole wa kiongozi, "sentensi moja si sera."

"Basi andikeni mbili."

"Sera haiandikwi kwa kuhesabu sentensi, bibi. Sera ina nguzo."

"Nguzo zangu zinafungiwa kamba za mahema, Duane. Mwanangu wa kiume ananiita nikakae kwake Arizona. Ikifika Agosti hali ni hii hii, nauza. Nitakwenda kukaa jangwani nitazame mawe."

Meya aliguswa sana. Hapo hapo akaunda Kamati.

Kazi ya Kamati ilikuwa kutoa Muhuri wa Uaminifu kwa kila nyumba halali, ili mgeni akiuona mtandaoni alipe kwa moyo mweupe. Tulitunga Fomu ya Uthibitisho yenye kurasa kumi na nne. Mimi binafsi niliandika ukurasa wa tisa, ule wa maelezo ya vijiko.

Nasema kwa masikitiko kwamba wenye nyumba wa kwetu walituangusha. Ed Lahti aliijaza fomu kwa penseli. Mama Tuominen aliambatisha picha ya sebule ambayo nusu yake ni kidole chake gumba. Ndugu wawili wa ukoo wa Charbonneau, wanaopangisha vibanda vyao tangu babu yao, walirudisha fomu ikiwa na jibu moja tu kwa maswali yote: "Njoo uone." Wote walishindwa.

Aliyefaulu alikuwa mmoja, kwa alama mia juu ya mia: Kapteni Bradley.

Naomba niwe mkweli, ilikuwa fomu ya kupendeza. Imepigwa chapa. Viambatisho vyote kumi na viwili vipo, vimepangwa kwa herufi. Vijiko vimehesabiwa kwa aina. Picha ya nyumba, iliyopigwa kutoka ziwani jua likichomoza, ilikuwa na madirisha tisa, sauna, na gati dogo la mbao. Mwishoni ameandika kwamba ameguswa na juhudi za Kamati. Tulipomwandikia kumuuliza anwani, alijibu ndani ya dakika tisa kwamba, kwa usalama wa wageni wake, anwani hutolewa baada ya malipo tu.

"Huyu mtu anajali faragha," Meya akasema. "Wangekuwa wote hivi."

Tukampa Muhuri Namba Moja, pamoja na cheti chenye sahihi ya Meya.

Jumamosi iliyofuata Lempi alipokea familia tano. Jumatatu asubuhi alikuwa mbele ya meza yangu, na tangazo la Kapteni lililochapishwa mkononi.

"Reino, tazama hii."

"Naitazama, dada Lempi. Ni nyumba nzuri."

"Ni nyumba yangu."

Jambo zito kama hilo halijibiwi kwa hisia. Nikatoa kwenye kabati picha rasmi ya nyumba yake, ile iliyopigwa na mthamini wa kodi, nikaziweka picha mbili kando kwa kando. Picha rasmi ilikuwa na mlango wa kijani wa jikoni, rundo la kuni na koleo la theluji. Picha ya Kapteni ilikuwa na madirisha tisa na ziwa. Nikamwonyesha kwa kalamu kwamba hazifanani hata kidogo.

"Hiyo yako imepigwa kutoka barabarani, Reino."

"Ndiyo picha rasmi, dada."

"Na hii imepigwa kutoka ziwani. Zunguka nyuma ya nyumba utaona."

"Kamati haina bajeti ya kuzunguka."

"Reino, mimi nimewapakulia watoto wako wanne viazi miaka kumi na tano."

"Na nakushukuru, dada Lempi. Lakini malalamiko dhidi ya nyumba yenye muhuri yanapokelewa kutoka kwa mwenye nyumba hiyo peke yake. Na kwenye jalada, mwenye nyumba ni Kapteni."

"Kwa hiyo mlalamikaji ni mwizi?"

"Kwa mujibu wa jalada, ndiye mwenye haki hiyo."

Sikumwacha hivi hivi. Nilimwandikia Kapteni barua ya kiungwana nikimuuliza kama ana malalamiko yoyote kuhusu nyumba yake. Akajibu kwa dakika saba kwamba hana, ila anampa pole huyo bibi, na uzee ni kitu kigumu. Nikamsomea Lempi kwa simu. Alikata. Jioni nikasikia kwa Ed Lahti kwamba amekwisha kumwita dalali wa nyumba, na bango la kuuza litapigiliwa Jumatatu inayofuata.

Habari hiyo ilinikosesha hamu ya chakula, nami nilitaka kuizungumzia kikaoni, lakini kikao kilikuwa na jambo la furaha zaidi. Jimbo lilikuwa limeamua kututunuku ngao ya Mji Mwangalifu, kwa kuwa tulikuwa mji pekee wenye kamati ya kudumu. Afisa wa jimbo, Bi. Renee Vandermolen, angekuja Jumamosi kuikabidhi na kulala kwetu usiku mmoja kabla ya kurudi Lansing, makao makuu ya jimbo.

"Hatalala hotelini," Meya akatangaza. "Atalala chini ya Muhuri Namba Moja. Na mimi nitalala papo hapo na mke wangu, tumkaribishe kwa heshima."

Akamwandikia Kapteni. Kapteni alifurahi kupita kiasi. Akasema kwa mheshimiwa wa cheo hicho angepunguza asilimia ishirini, mradi fedha zisipitie kwenye tovuti ya kupangishia, ambayo hula kamisheni bure, bali zitumwe moja kwa moja kutoka benki kwenda benki.

Hapo ndipo nilipoinua mkono. "Mheshimiwa, mwalimu wetu wa biashara shule ya usiku alikuwa akisema, mtu akikuhimiza ulipe kwa mlango wa nyuma, jiulize kwa nini anauogopa wa mbele. Fedha ikishatoka benki kwa benki hairudi. Labda tumpigie simu kwanza tusikie sauti yake."

"Reino, mtu yuko katikati ya bahari."

"Ujumbe wake unafika."

"Unafika kwa sababu ni mtu mwenye nidhamu. Ana muhuri wetu, Katibu. Tukimtilia shaka yeye, tunajitilia shaka wenyewe."

Nikaiandika hoja hiyo kwenye kumbukumbu. Fedha zikatumwa, za Halmashauri, za nyumba nzima, wiki nzima, maana Kapteni hakodishi usiku mmoja.

Jumamosi saa tisa na nusu tuliondoka mjini kwa gari la Meya: yeye na mkewe Darlene mbele, mimi na Bi. Vandermolen nyuma, ngao mapajani mwangu. Anwani ikaingia kwenye simu ya Meya njiani, kama Kapteni alivyoahidi. Akaisoma kwa sauti.

"Arobaini na moja, Barabara ya Rantala."

"Hapo ni kwa Lempi," Darlene akasema.

"Itakuwa jirani yake."

"Lempi hana jirani, Duane. Huku kuna msitu, kule kuna maji."

"Darlene, mimi ndiye Meya. Namba za nyumba ninazijua."

Tukaegesha mbele ya mlango wa kijani wa jikoni, kando ya rundo la kuni. Kwetu mtu huingia kwa jikoni. Upande wa ziwani ni wa wageni na ndege. Meya amezaliwa Kallio, ana miaka sitini na mmoja, na siku hiyo ndiyo aliyozunguka nyuma ya nyumba ya Lempi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akiburuta sanduku lenye magurudumu kwenye majani. Sisi tukamfuata. Tukapita mahema sita.

Alipofika kwenye gati akageuka. Madirisha tisa. Sauna. Akaitazama picha ya Kapteni kwenye simu yake, akaitazama nyumba, akahesabu madirisha kwa kidole, akaanza tena upande wa pili.

Lempi alikuwa kibarazani na birika, akimmiminia kahawa baba mmoja aliyevaa kaptura.

"Na wewe umelipa, Duane?" akauliza.

Meya akaitia simu mfukoni mwa koti.

"Benki kwa benki?"

"Alitupunguzia asilimia ishirini," Meya akasema kwa sauti ndogo.

"Wote aliwapunguzia ishirini. Huyu hapa alipunguziwa ishirini na tano, ana watoto. Kaa, mwanangu. Hema limebaki moja, lakini zipu yake mbovu."

Bi. Vandermolen aliniomba ngao. Nikampa. Akaiweka ndani ya mkoba wake, akafunga kifungo, akaomba kahawa bila maziwa.

Meya akanisogelea. "Reino, kuondoa muhuri kunachukua muda gani kwa utaratibu?"

"Wiki kumi na moja, Mheshimiwa. Kuna rufaa."

"Na bila utaratibu?"

Nilitoa simu yangu. Bila utaratibu ilichukua dakika nne, na mbili kati ya hizo nilikuwa natafuta miwani. Kisha Lempi akasimama nyuma ya bega langu na kunisomea ile sentensi yake, neno kwa neno, nami nikaiandika juu kabisa ya tovuti ya mji: kabla ya kulipa, piga simu ofisini kwetu uulize kama nyumba hiyo inapangishwa kweli. Nikaongeza ya pili kwa elimu yangu mwenyewe: anayekukataza kulipa kupitia tovuti, usimlipe kabisa. Meya aliridhia zote mbili kwa kutikisa kichwa. Kura haikupigwa.

Lempi aliingia ndani, tukamsikia akiongea na dalali kwa simu ya ukutani. "Jumatatu usije," alikuwa akisema. "Hapana, sijapata bei nzuri zaidi. Ni mtu mwingine ndiye aliyepata akili."

Alipotoka, gari lingine lilikuwa limeshafika, limejaa mito na jaketi za kuokolea maisha majini. Akashuka mwanamume mpana kutoka Milwaukee, mkewe, na mama mkwe aliyekwisha kukasirika tangu mpakani mwa jimbo. Lempi akawaeleza kwa ufupi. Alikuwa na mazoezi. Mwanamume alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunjua karatasi.

"Mama, sisi hatukulipa kijinga," akasema. "Tuliuliza kwanza. Cheti hiki hapa, cha serikali ya mji. Kina muhuri, kina sahihi. Huyu Duane Pascoe ni nani? Nataka kuonana naye."

Meya alikuwa amesimama mbele yake kabisa, na sanduku lake lenye magurudumu.

"Hata mimi namtafuta," Meya akasema.

"Na wewe amekuibia?"

"Vibaya sana."

Mwanamume akamshika bega kwa huruma. "Pole, mzee. Tutampata tu." Akamgeukia Lempi. "Mama, una namba ya simu ya huyu mtu?"

"Ninayo kichwani," Lempi akasema. Akaitaja taratibu, tarakimu moja moja, mwanamume akibonyeza.

Katika koti la Mheshimiwa Meya kukaanza kulia wimbo wa timu ya mji ya mpira wa magongo wa kwenye barafu. Ulilia mpaka kiitikio. Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka, kisha baba wa kaptura, kisha watu wakaanza kutoka kwenye mahema, mmoja mmoja, kusikiliza.

Kwa kuwa ni wajibu wa Katibu kuandika kila jambo, nimeandika: saa kumi na dakika ishirini na mbili, Meya alipatikana kwa simu na wananchi.